Siku moja Aldabra, kisiwa cha kobe

Mwezi Disemba mwaka 2004, kobe mkubwa alijikokota kutoka baharini katika pwani ya Kimbiji, kusini mwa Dar es Salaam. Hakuwa kasa, ambaye bahari ni kwao. Alikuwa kobe wa nchi kavu, mwenye miguu minene kama vigogo, na alikuwa amekonda mno. Miguuni na upande wa chini wa gamba lake walikuwa wamegandamana wale viumbe wadogo wa baharini ambao mabaharia huwakwangua kwenye mbao za chombo kilichokaa majini muda mrefu.

Wanasayansi walioandika habari zake mwaka 2006 walifikia uamuzi kwamba kobe huyo alitoka Aldabra, kiasi cha kilomita 740 kutoka hapo alipotua. Ukubwa wa viumbe waliomgandia uliwaonyesha kwamba alielea baharini kwa wiki kadhaa, akichukuliwa na mkondo wa maji, bila chakula. Ilikuwa mara ya kwanza kuthibitishwa kwamba kobe wa nchi kavu aweza kuvuka bahari kuu na kufika upande wa pili akiwa hai.

Mwezi huo huo, siku chache baadaye, mawimbi ya tsunami yalipiga Bahari ya Hindi. Karibu na Malindi, kiboko mchanga aliyepotewa na kundi lake aliokolewa, akapewa jina la Owen na kupelekwa katika hifadhi ya Haller Park, Mombasa. Huko akajiegemeza kwa kobe mzee, akalala ubavuni mwake na kumfuata kila aendako, hata picha zao zikaenea dunia nzima. Kobe yule aliitwa Mzee, naye ni wa aina ya kobe wa Aldabra. Kadhalika kobe wa kisiwa cha Changuu, mbele ya mji wa Unguja, ambao watalii huwalisha majani kila siku: wanne wa mwanzo waliletwa mwaka 1919, zawadi ya gavana wa Shelisheli. Kwa hiyo watu wa mwambao wa Afrika Mashariki wamewajua wana wa Aldabra kwa muda mrefu, ila mama yao wachache sana wamepata kumwona.

Aldabra ni duara la visiwa vya matumbawe vilivyoinuka juu ya bahari, kaskazini magharibi ya Madagaska. Kiko chini ya Jamhuri ya Shelisheli, lakini kutoka Mahé, kisiwa kikuu cha nchi hiyo, ni safari ya zaidi ya kilomita elfu moja. Visiwa vikubwa ni vinne: Grande Terre, Malabar, Polymnie na Picard. Katikati yake kuna lagoni, yaani bahari ya ndani isiyo na kina kirefu, na urefu wa duara lote ni kilomita 34 hivi. Jina la Aldabra limo katika ramani za Wareno tangu karne ya 16, na wapo wanaosema kwamba asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya kijani, kwa kuwa rangi ya lagoni hupiga juu mawinguni na nahodha huiona kabla hajaiona nchi. Maelezo hayo hayajathibitishwa, ingawa mawingu ya kijani ni ya kweli.

Anayetaka kwenda huko hana budi kupata kibali na kusafiri kwa meli. Aldabra haina kiwanja cha ndege. Kwamba haina, hiyo ni habari ndefu, na njia nyepesi ya kuieleza ni kuifuata siku moja ya kisiwa hicho tangu alfajiri mpaka usiku.

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijapanda, kobe wa Aldabra tayari wako malishoni. Nyasi wanazokula ni fupi mno, zimelala chini kama busati, kwa sababu zimekatwa kwa midomo ya kobe vizazi na vizazi, na baadhi ya majani hayo hutoa mbegu zake chini kabisa karibu na udongo, mahali ambapo mdomo wa kobe haufiki. Dume mkubwa aweza kufikia uzito wa kilo 250. Hutembea hatua tatu, akasimama, akakata jani, akatafuta hatua nyingine. Mgeni anayesimama kimya husikia sauti ya majani yakikatika pande zote, na baada ya muda hugundua kwamba yale aliyodhani ni mawe yanatembea. Idadi yao katika kisiwa chote hukadiriwa kuwa kiasi cha laki moja. Hakuna mahali pengine duniani penye kobe wakubwa wengi kiasi hicho.

Lakini wingi huo ni mabaki. Zamani kobe wa aina hiyo au wa jamaa zake walijaa Bahari ya Hindi ya magharibi: Madagaska, Mauritius, Réunion, Rodrigues, na Shelisheli ya kati. Mabaharia wa Kizungu waliwaona kuwa ni nyama isiyooza. Kobe aweza kukaa miezi bila chakula wala maji, basi walipangwa ngamani mwa meli wakiwa hai, wakawa wanachinjwa mmoja mmoja njiani. Kufikia mwanzoni mwa karne ya 19, kobe wa visiwa vya Mauritius, Réunion na Rodrigues walikuwa wamekwisha au wamekaribia kwisha. Aldabra ilinusurika kwa ubaya wake. Maji ya kunywa ni haba. Mwamba wake umechongoka kama meno ya msumeno na hukata viatu kwa siku chache, na mikondo ya bahari inayoizunguka haimpendezi nahodha yeyote.

Hata hivyo, ubaya wa nchi hauwezi kuwa ngao ya milele. Mwaka 1874 ilijulikana mjini London kwamba kulikuwa na mpango wa kukata miti Aldabra. Wataalamu wa elimu ya viumbe walijua maana yake: wakata miti watakula kobe. Wakamwandikia barua Sir Arthur Gordon, gavana wa Mauritius, ambayo wakati huo iliisimamia Shelisheli pia. Miongoni mwa walioweka saini walikuwamo Albert Günther, Joseph Hooker, Richard Owen, na Charles Darwin mwenyewe. Owen na Darwin walikuwa hawapatani tena katika elimu, kwa ajili ya nadharia ya Darwin ya mageuko ya viumbe, lakini juu ya kobe walikubaliana. Ni moja ya barua za mwanzo kabisa ambazo wanasayansi waliiandikia serikali wakiomba mnyama wa nchi ya mbali ahifadhiwe. Baadaye, mwishoni mwa karne hiyo, James Spurs aliyekikodi kisiwa alipiga marufuku kuua kobe. Kasa hawakupata bahati hiyo. Waliendelea kuvuliwa kwa miongo mingi, nyama na mafuta yao yakisafirishwa na kuuzwa.

Jua likipanda kidogo, hutokea kichakani ndege mmoja mwekundu kifuani, mweupe kooni, mwenye ukubwa wa kuku mdogo. Ni wa jamaa ya kukuziwa. Haruki. Mabawa anayo, lakini hayamwinui, na badala ya kumkimbia mtu humjia, akadonoa kamba za viatu vyake na kukimbia na chochote kinachobebeka. Huyo ndiye wa mwisho aliyebaki katika ukoo mrefu: dodo wa Mauritius hakuruka, na wenzake wengi wa visiwa vya Bahari ya Hindi hawakuruka, nao wote wametoweka. Huko Picard nako alitoweka, akiliwa na paka walioletwa na watu. Mwaka 1999, paka walipokuwa wameondoshwa, ndege kadhaa walihamishiwa huko tena, wakazaana.

Mwaka 2019 wataalamu wawili, Julian Hume na David Martill, walichapisha utafiti juu ya mifupa ya kale ya ndege huyo. Yapata miaka 136,000 iliyopita bahari ilipanda na kuimeza Aldabra yote. Ndege wa wakati ule, aliyekuwa naye amepoteza uwezo wa kuruka, alizama pamoja na kisiwa. Bahari ilipoteremka, ndege wa jamaa ile ile walipuruka tena kutoka Madagaska, wakakuta nchi isiyo na adui, na kwa mara ya pili wakaacha kuruka. Kisiwa kimoja kilimtengeneza ndege yule yule mara mbili. Wazo hilo linaweza kumfariji mtu, kwamba kilichopotea kitarudi. Tatizo ni muda: safari ile ya pili ilihitaji maelfu ya miaka bila paka na bila binadamu.

Kufikia saa nne asubuhi malisho huwa matupu. Kobe hana namna ya kutoa jasho, na jua la Aldabra likimkuta mahali pa wazi adhuhuri humpika ndani ya gamba lake. Hukimbilia kivulini, kama neno kukimbia linamfaa, na chini ya mti mmoja waweza kuona kobe kumi, ishirini au zaidi wamebanana, wengine wamepandiana. Asiyepata kivuli hufa. Mashariki ya Grande Terre, ambako kobe ni wengi kuliko mahali pengine pote, mifupa na magamba matupu yametapakaa katika uwanda.

Ni hapo hapo, katika uwanda huo wa mashariki, ambapo wapimaji wa Wizara ya Ulinzi ya Uingereza walitaka kujenga njia ya kurukia ndege.

Wakati wenyewe waeleza sababu. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961, Uganda 1962, Zanzibar na Kenya 1963. Vituo vya kijeshi vya Waingereza katika Afrika Mashariki vilikuwa vinafungwa, na huko Aden upinzani ulikuwa umepamba moto. Ndege za kijeshi zilizotaka kwenda Mashariki ya Mbali zilihitaji anga ya mataifa huru, na mataifa huru huweza kukataa. Uingereza na Marekani zikatafuta visiwa ambavyo havingewaombea mtu ruhusa. Tarehe 8 Novemba 1965 likaundwa koloni jipya, katika zama ambazo makoloni yalikuwa yanavunjwa: visiwa vya Chagos vilikatwa kutoka Mauritius, na Aldabra, Farquhar na Desroches vikakatwa kutoka Shelisheli. Mauritius ililipwa paundi milioni tatu. Shelisheli iliahidiwa kiwanja cha ndege cha kimataifa, ambacho kilifunguliwa Mahé mwaka 1971.

Jeshi halikuwa peke yake. BBC nayo ilikitazama kisiwa hicho kwa ajili ya kituo cha kurushia matangazo kuelekea Afrika. Ni jambo la kukumbukwa na kila aliyekulia pembeni mwa redio ya masafa mafupi, kwamba mlingoti wa redio ulikuwa sehemu ya hatari iliyowakabili kobe. Hatimaye kituo cha namna hiyo kilijengwa Mahé na kuanza kazi mwaka 1988, na mpaka kilipofungwa mwaka 2014, wasikilizaji wengi wa Afrika Mashariki waliopata taarifa za habari jioni walizipokea kutoka Shelisheli bila kujua.

Alasiri, siku za bamvua, yafaa kuwa katika mlango uitwao Grande Passe, kati ya Picard na Polymnie. Maji ya Aldabra hupwa na kujaa kwa tofauti ya mita tatu hivi, na sehemu kubwa ya maji ya lagoni hupita katika mlango huo mmoja. Yakitoka, lagoni hukauka na kuacha visiwa vidogo vya mawe vimesimama kama uyoga, chini vimeliwa na maji, juu vimevimba. Yakirudi, huja kama mto uliofurika. Kasa huingia nayo, na taa, na chewa wasiomwogopa mtu, na makundi ya kolekole, na papa wadogo wanaokwenda kuwinda kwenye mikoko. Pengine nguva pia huonekana. Mtu akitazama chini kutoka mashuani huona bahari nzima inahama.

Mpango wa miaka ya 1960 ulikuwa ni kuuziba mlango huo kwa boma, ili lagoni iwe bandari tulivu. Ungejengwa na barabara kupita kisiwa hadi kisiwa mpaka kwenye uwanja wa ndege. Mwaka 1966 mtaalamu wa jiografia wa Chuo Kikuu cha Cambridge, David Stoddart, alifuatana na wapimaji, akaiona Aldabra kwa macho yake. Alirudi akiwa amekwishajua kwamba ujenzi ule hauwezi kufanyika kwa uangalifu. Boma peke yake lingebadili maji yote ya ndani. Pamoja na mafundi wangekuja panya, paka, magugu na moto.

Kilichofuata kilikuwa ni vita vya karatasi. Royal Society, jumuiya kuu ya wanasayansi wa Uingereza, iliiandikia serikali, na mwaka 1967 ikapeleka msafara wa utafiti ili angalau kisiwa kiandikwe kabla hakijaharibiwa. Ng'ambo ya Atlantiki, S. Dillon Ripley, mkuu wa taasisi ya Smithsonian na bingwa wa elimu ya ndege, alijiunga nao. Bungeni, Tam Dalyell wa chama cha Labour, chama kile kile kilichokuwa madarakani, aliuliza swali baada ya swali: gharama kiasi gani, mnara wapi, ndege wangapi wa baharini watagonga injini ngapi? Waziri wa Ulinzi, Denis Healey, alijibu kwa mzaha kwamba wakazi wa Aldabra ni kobe wakubwa na ndege wa baharini, kama ilivyo safu ya mbele ya wapinzani. Wabunge walicheka, maana jina la Kiingereza la mmoja wa ndege hao lina maana pia ya bwege.

Ndege hao wa mzaha wa waziri huonekana vizuri zaidi jua likishuka. Kwenye mikoko ya Malabar hurudi maelfu ya ndege manowari, weusi, wenye mkia wa panda na mabawa marefu kupita kimo cha mtu. Ni mojawapo ya makoloni makubwa kabisa ya ndege hao duniani. Manowari hawezi kutua majini, kwa kuwa manyoya yake hulowa, basi hupata sehemu ya riziki yake kwa unyang'anyi. Wale wenye miguu myekundu, walioitwa mabwege, hurudi kutoka bahari kuu matumbo yamejaa samaki kwa ajili ya makinda. Manowari humngojea mmoja wao hewani, akamshika mkia, akamtikisa mpaka atapike, kisha akakidaka kile kilichotapikwa kabla hakijagusa maji. Ajabu ni kwamba jioni ile ile mnyang'anyi na aliyenyang'anywa hulala katika mti mmoja.

Rubani yeyote angeweza kuliambia jeshi maana ya maelfu ya ndege wakubwa angani karibu na uwanja wa ndege, na wanasayansi hawakuchoka kulirudia jambo hilo. Lakini jibu lilitoka mahali pengine. Tarehe 18 Novemba 1967 serikali ya Harold Wilson ilishusha thamani ya paundi, na katika kubana matumizi kulikofuata siku chache baadaye, mradi wa Aldabra ukafutwa.

Je, ni Darwin na warithi wake waliokiokoa kisiwa, au ni ufukara wa hazina ya Uingereza? Wanahistoria wamelijadili swali hilo. Inaelekea kwamba bila upungufu wa fedha jeshi lingeshinda, na kwamba bila kelele za wanasayansi mradi ungekuwa umeanza kabla fedha hazijapungua. Kuchelewesha ni silaha ambayo wanyonge wa dunia huijua vizuri, na katika jambo hili kobe, bingwa wa kuchelewa, alipata mawakili wanaofanana naye.

Hapo ndipo wengi humalizia hadithi ya Aldabra, kwa furaha. Kuna upande wake wa pili. Marekani bado ilitaka kisiwa, na macho yake yalikuwa Diego Garcia, katika visiwa vya Chagos. Huko hakukuwa na kobe wala ndege asiyeruka. Nchi yenyewe ilikuwa imegeuzwa mashamba ya minazi tangu zamani. Walikuwapo watu. Wazee wao waliletwa kama watumwa tangu mwishoni mwa karne ya 18, wengi kutoka Msumbiji na Madagaska, na vizazi vyao vilizaliwa na kuzikwa hapo, vikiwa na lugha yao ya Krioli, kanisa na mbwa wao.

Mwezi Agosti mwaka 1966, ofisa wa ngazi ya juu wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza aliandika katika waraka wa ndani kwamba lengo ni kupata miamba isiyo na wenyeji ila shakwe, ambao bado hawana kamati. Mwenzake akaongeza kwamba kwa bahati mbaya pamoja na ndege wapo akina Tarzan wachache, na wengine mfano wa Ijumaa, mtumishi wa Robinson Crusoe, ambao asili yao haijulikani. Nyaraka hizo zilifichuliwa baadaye mahakamani. Mwaka mmoja baada ya maneno yale, ndege wa Aldabra walikuwa na kamati, tena ya maprofesa. Watu wa Chagos hawakuwa nayo.

Kati ya mwaka 1968 na 1973 waliondolewa wote, kiasi cha watu 1,500 hadi 2,000. Wengine walizuiwa kurudi walipokwenda Mauritius kwa matibabu au kwa mapumziko. Wa mwisho walipakiwa melini na kushushwa Mauritius na Shelisheli, bila nyumba wala kazi. Mbwa wao waliuawa. Haingekuwa haki kuwalaumu wanasayansi wa Aldabra kwa hayo. Hawakuichagua Diego Garcia, na siri ilifichwa vizuri. Lakini hesabu yabaki kama ilivyo: makumi ya maswali yaliulizwa bungeni kwa ajili ya kobe, na watu wakahamishwa karibu kimyakimya.

Mwaka 2006 Wachagosi wapatao mia moja walipelekwa kwa meli kuvizuru visiwa vyao. Walipewa muda mfupi tu kila waliposhuka. Walifagia makaburi, wakasali, wakachukua mchanga, wakarudi chomboni. Mwaka 2010 Uingereza ikatangaza bahari yote ya Chagos kuwa hifadhi, na wahifadhi wengi wakashangilia. Kisha ikavuja simu ya kibalozi ya Marekani ya mwaka 2009 iliyoonyesha kwamba ofisa wa Kiingereza aliwaeleza Wamarekani kuwa hifadhi hiyo ingewazuia wenyeji kurudi. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni mwaka 2019 kwamba kuitenga Chagos na Mauritius hakukuwa halali, na mwezi Mei mwaka 2025 Uingereza na Mauritius zilitia saini mkataba wa kuirudisha, huku kituo cha kijeshi cha Diego Garcia kikipangiwa kubaki kwa ukodishaji wa miaka 99.

Aldabra yenyewe ilirudishwa kwa wenyewe siku Shelisheli ilipopata uhuru, tarehe 29 Juni 1976. Mwaka 1979 iliundwa taasisi ya Seychelles Islands Foundation kuisimamia, na mwaka 1982 UNESCO ikaiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kituo cha utafiti kilichojengwa na Royal Society huko Picard kiko mikononi mwa Washelisheli. Ni wao ambao, baada ya juhudi za miaka mingi, walimaliza kazi ya kuwaondoa mbuzi waliokuwa wakila majani na vivuli vya kobe, kazi iliyokamilika mwaka 2012.

Usiku, wageni wakiwa wamerudi melini, pwani ya Picard hubaki na walinzi na watafiti wachache. Kasa jike hutoka majini, akiburura mwili wake mchangani kwa pumzi nzito zinazosikika mbali. Amerudi, baada ya miaka mingi ya kuzunguka bahari, kutaga katika eneo lile lile alikoanguliwa. Tangu mwaka 1968 kasa wa Aldabra wamelindwa, na hesabu yaonyesha matunda: mwishoni mwa miaka ya 1960 kulikuwa na matago kati ya 2,000 na 3,000 kwa mwaka, na mwishoni mwa miaka ya 2010 yalizidi 15,000. Hakuna aliyeyapata matunda hayo haraka. Kasa aliyeanguliwa katika miaka ya mwanzo ya ulinzi alihitaji miongo kadhaa kabla ya kutaga yeye mwenyewe.

Njiani kuelekea mahali pa kuchimba, kasa huyo hukutana na kitu ambacho barua ya mwaka 1874 haikukitaja. Mwaka 2019 wafanyakazi wa taasisi pamoja na vijana wa kujitolea kutoka Chuo Kikuu cha Oxford waliokota tani 25 za plastiki katika fukwe za Aldabra kwa muda wa wiki tano, na wakakadiria kwamba zaidi ya tani 500 zilibaki. Sehemu kubwa ya uzito ilikuwa ni nyavu na kamba za wavuvi wa bahari kuu. Zilizobaki nyingi zilikuwa ni kandambili, zilizoletwa na mikondo kutoka nchi ambazo watu wake hawajapata kuisikia Aldabra. Kasa huzisukuma pembeni kwa makasia yake, akachimba, akataga mayai zaidi ya mia moja, akafukia. Alfajiri mlinzi hupita na daftari akihesabu nyayo zilizopanda na zilizoshuka, kabla maji hayajajaa na kuzifuta, wakati kule nyuma ya vichaka sauti ya majani yakikatwa imeanza tena.